Naomba ushauri: msaada wa wakimbizi na manung'uniko ya wenyeji

Habari zenu wapendwa. Kamati yetu ya kanisa hapa Kasulu imekusanya mablanketi, sabuni na unga kwa wakimbizi wa Nyarugusu, kambi iliyopokea Wakongo tangu 1996 na Warundi kuanzia 2015. Shida ni vijiji jirani. Wenyeji wananung'unika kwamba kuni zinawaishia, halafu misaada inawapita tu mlangoni (na kusema kweli, wengine hali zao ni ngumu mno). Mchungaji na shehe waliwaita kwenye kikao pamoja. Wazee walielewa, vijana hawakutokea.

Je, tutenge sehemu ya vitu kwa wenyeji, au waliochanga kwa ajili ya wakimbizi watalalamika? Na vijana tuwafikieje? Mliowahi kufanya kazi hii, tusaidieni.