Tupeane uzoefu: masega ya ekzosi yalipokufa, uligunduaje na ulifanya nini?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za wakati huu. Nimefungua uzi huu kwa sababu nimenunua masega (kile chombo chenye kauri ya vitundu kwenye ekzosi kinachosafisha moshi) mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na ni ile mara ya pili tu ndipo nilipojua kilichokuwa kinayaua.

Mwanzo taa ya cheki injini iliwaka. Skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ikatoa kodi (namba ya hitilafu) P0420, yaani masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. Fundi akasema badilisha, nikabadilisha. Miezi mitano baadaye taa ikarudi, kodi ileile. Safari hii nilikwenda kwa fundi mwingine, mzee asiyependa kuharakishwa. Hakugusa ekzosi. Aliniuliza, "Ukipanda kilima, inakatakata?" Nikamjibu ndiyo, na asubuhi nikiwasha inatetemeka kidogo kisha inatulia.

Akafungua plagi zote nne akazipanga kwenye kitambaa. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu. Ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi, imelowa, inanuka petroli, na kwenye kauri yake kulikuwa na mstari mwembamba kama uliochorwa kwa penseli. Akaniambia hapo ndipo cheche inapokimbilia pembeni badala ya kuruka kwenye ncha. Koili yake, ile inayoipa plagi umeme, nayo ilikuwa imechoka.

Alinieleza hivi: petroli isiyoungua kwenye silinda haipotei. Inakwenda kuungulia ndani ya masega. Masega hufanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 400 hadi 800 za Selsiasi. Yakizidi 1,000 yanaanza kuharibika, na ikiendelea kauri yenyewe inayeyuka. Tulipoyatoa nikamulika tochi ndani: pembezoni vitundu vilikuwepo, katikati pameshikana kama nta iliyomwagika ikaganda. Masega mapya kabisa, miezi mitano.

Basi nawaomba, kila mmoja aseme dalili alizoziona, alipimaje, na nini kilikuwa chanzo. Tusiishie kwenye "nilibadilisha ikapona".

Dereva wa safari ndefu

Mimi yangu hayakuyeyuka, yaliziba. Gari ilikuwa inawaka vizuri, ikisimama bila kukanyagwa mafuta inanguruma safi, ila nikikanyaga mafuta inanguruma bila kwenda. Ikifika spidi 80 inagoma. Kila mtu alisema gia boksi, nikamwaga oili ya gia, nikaweka mpya, hakuna kitu. Pampu ya mafuta nikabadilisha, hakuna kitu.

Aliyenisaidia alichomoa sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, akafunga geji ya presha kwenye tundu lile. Injini ikizunguka 2,500 kwa dakika, presha ya moshi haitakiwi kuzidi psi 3 hivi. Yangu ilikwenda 8. Halafu akaiacha tundu wazi, akaniambia niendeshe mita mia mbili tu. Kelele ilikuwa kubwa mno, lakini gari iliruka! Moshi ulikuwa umepata pa kutokea. Nilisikitika nilipokumbuka ile pampu.

Mwanzisha mada

Mkuu, na kilichoziba kilikuwa nini?

Dereva wa safari ndefu

Injini ilikuwa inakula oili, nami najazia tu bila kuuliza. Oili ina fosforasi, na ikiungua majivu yake yanayafunika madini yanayosafisha moshi ndani ya masega. Ilibidi zifunguliwe ringi za pistoni kwanza, ndipo nikafunga masega mengine.

Fundi wa umeme wa magari

Nashukuru kwa uzi huu, maana watu wengi wanaletewa bili ya masega kwa sababu ya kodi peke yake. P0420 haisemi masega yamekufa. Inasema sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya masega inaona kitu isichotakiwa kukiona. Tofauti hiyo ni kubwa.

Ninavyopima mimi: nawasha gari ipate moto sawasawa, nashikilia mizunguko 2,500, natazama mistari ya sensa mbili, ya mbele na ya nyuma ya masega, kwenye skana. Kwenye gari yenye sensa ya kawaida mbele, volti yake hupanda na kushuka haraka kati ya 0.1 na 0.9. Ya nyuma inatakiwa itulie, mara nyingi kwenye 0.6 au 0.7, kwa sababu masega mazima hutunza oksijeni na kuitoa taratibu. Ya nyuma ikianza kucheza ngoma ileile ya mbele, hapo masega yamepoteza uwezo huo. Gari nyingi za kisasa sensa ya mbele ni ya aina nyingine, haipandi na kushuka hivyo, basi tazama ya nyuma.

Kabla ya hapo natafuta uvujaji. Tundu dogo kwenye ekzosi karibu na sensa huvuta hewa ya nje, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inalaumu masega. Injini ikiwa ya baridi, mtu mmoja azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene sekunde chache gari ikinguruma, mwingine asikilize chini. Utasikia "tss tss" penye tatizo. Weka na maji ya sabuni uone mapovu.

Na jamani, taa ya cheki injini ikiwa inapepesa, si kuwaka tu, inapepesa, toa mguu kwenye mafuta na simama mahali salama. Gari inamisi, yaani petroli haiungui kwenye silinda, kiasi cha kuyaunguza masega dakika hiyohiyo. Ila usisimame penye nyasi kavu. Masega yaliyopata moto namna hiyo huwasha moto chini ya gari.

Mama wa watoto watatu

Kaka fundi, Mungu akubariki kwa hilo la uvujaji. Mimi niliambiwa P0420, ninunue masega. Mume wangu akalala chini ya gari na chupa ya maji ya sabuni, mapovu yakatoka kwenye gasketi ya kiungio, hatua moja tu mbele ya sensa ya nyuma. Tukabadilisha gasketi na boliti mbili zilizokuwa zimeliwa na kutu. Tukafuta kodi. Sasa ni miezi tisa tangu hapo, taa haijawaka.

Mchangiaji mwingine

Nitasema yangu ingawa najutia. Nilitoboa. Fundi alikata boksi la masega, akaligonga kwa chuma hadi masega yote yakamwagika chini, akachomelea tena. Gari ikawa nyepesi wiki ya kwanza, nikafurahi. Kisha harufu ikaanza kuingia ndani, mtoto akawa analalamika kichwa kila tukikaa kwenye foleni. Pale tulipochomelea palikuwa na ufa, na moshi usiosafishwa una kaboni monoksaidi nyingi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Ile harufu ilikuwa ya petroli tu, ndiyo iliyotushtua. Ukaguzi nao haikupita, na nchi nyingi ni kosa kisheria. Niliyarudisha masega. Nisingependa mwingine apitie ile hofu.

Mgeni wa jukwaa

Samahani wakuu, zile dawa za kumimina kwenye tangi zinasaidia?

Fundi wa umeme wa magari

Ndugu mgeni, zinaweza kupunguza masizi kidogo kama ndiyo kwanza yanaanza. Kauri iliyoyeyuka, iliyovunjika au iliyofunikwa na majivu ya oili hairudi kwa dawa yoyote. Gonga boksi kwa nyundo ya mpira gari ikiwa ya baridi. Likilia kama kokoto ndani ya kopo, hela ya dawa itunze.

Mwanzisha mada

Niongezee lililonikuta wakati wa kufunga ya pili. Sensa ya nyuma ilikuwa imeng'ang'ania, tukailazimisha ikiwa ya baridi, ikatoka na nyuzi zake za kufungia. Fundi mzee alifunga masega mengine huku akinielekeza: pulizia mafuta ya kulainisha kutu usiku uliotangulia, fungua ekzosi ikiwa na uvuguvugu. Angalia mshale juu ya boksi uelekee upande moshi unakokwenda. Kwenye nyuzi za sensa paka grisi maalum ya joto, lakini isiguse ncha, na silikoni ya kawaida usiikaribishe kabisa, inaiua sensa.

Baada ya kufuta kodi, kompyuta inahitaji siku kadhaa za kuendesha mchanganyiko, polepole na mwendo mrefu, ndipo imalize kujipima. Ya kwangu ilimaliza siku ya nne. Plagi na koili zote ni mpya, na juzi nilizifungua tena kuzitazama: zote nne kahawia hafifu.