Kibarua amekatwa mkono na shafti ya mashine ya kupukuchua mahindi: fidia inadaiwaje Kenya?

Karani_wa_Kitale

Hamjambo wakuu. Naomba hatua, pole amekwisha pewa nyingi. Kijana wa miaka 24, kibarua katika shamba la mahindi Trans Nzoia. Mashine ya kupukuchua inazungushwa na trekta, na shafti ya PTO (ile inayopeleka nguvu ya injini ya trekta kwenye mashine) haikuwa na kinga. Ilinasa mkono wa koti, ikavuta, na hospitalini mkono wa kulia ukakatwa chini ya kiwiko. Hii ni wiki ya saba.

Alikuwa akilipwa 500 kwa siku kupitia M-Pesa, pamoja na chakula cha mchana. Barua ya ajira hana. Mwajiri alilipa bili ya hospitali, na sasa ameleta 60,000 pamoja na karatasi ya kutia sahihi kwamba "hana madai mengine". Anasema hana bima, na kwamba kijana alikatazwa kusogelea shafti. Mashine ilikodiwa kutoka kwa mtu mwingine. Aanzie wapi?

Wakili_Mstaafu

Karatasi hiyo asiitie sahihi. Kama ana shida ya pesa na anataka kupokea 60,000, ziandikwe kuwa ni msaada wa matumizi au sehemu ya malipo, tarehe iwekwe, na abaki na nakala. Maneno "hana madai mengine" yafutwe kabisa, yasiachwe hata kwa herufi ndogo.

Sheria inayomhusu ni ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ile watu wanaiita WIBA. Jambo la kwanza kuelewa: chini ya sheria hii hahitaji kuthibitisha kosa la mwajiri. Anahitaji kuthibitisha mambo mawili tu, kwamba alikuwa mfanyakazi, na kwamba aliumia akiwa kazini. Mkataba wa mdomo unatosha, na kibarua wa siku naye amo.

Hiyo hoja ya "alikatazwa" husemwa karibu kila mara na haina uzito ambao waajiri wanadhani inao. Kifungu cha 10 kinasema ajali huhesabiwa kuwa ya kazini hata kama mfanyakazi alikuwa akienda kinyume na maagizo, mradi alichokuwa akifanya kilikuwa kwa ajili ya shughuli ya mwajiri. Kinachomwangusha mtu ni utovu wa nidhamu wa makusudi. Kusogelea shafti ili kuondoa magunzi yaliyoziba si utovu wa nidhamu wa makusudi.

Kuhusu bima: kifungu cha 7 kinamlazimu mwajiri kuwa nayo. Asipokuwa nayo, deni halifutiki, linabaki mgongoni mwake mwenyewe.

Mahali pa kuanzia ni ofisi ya usalama na afya kazini ya kaunti. Akifika ofisi ya kazi ataelekezwa. Mwajiri alitakiwa kutoa taarifa ya ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, kwa fomu ya DOSH/WIBA 1. Waulize kama fomu hiyo imefika. Kama haijafika, kijana apeleke taarifa yake mwenyewe kwa maandishi, apigiwe muhuri kwenye nakala yake. Muda wa kudai ni miezi 12 tangu siku ya ajali. Sheria inaruhusu udhuru pale inapothibitika kwamba mwajiri alijua ajali kwa njia nyingine, na huyu alilipa bili ya hospitali kwa hiyo alijua, lakini usijenge dai juu ya udhuru wakati miezi bado ipo.

Wakili akikwambia "twende kwa hakimu tumshtaki mwajiri kwa uzembe", muulize kuhusu kifungu cha 16. Kinazuia kesi ya namna hiyo dhidi ya mwajiri, na Mahakama ya Juu ilithibitisha kuwa ni halali Desemba 2019. Kesi nyingi zimetupwa kwa sababu ziliingilia mlango usio wake, na kufikia wakati huo miezi 12 ilikuwa imeshapita.

Mhasibu_Shamba

Mimi niongeze upande wa hesabu, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kuona.

Fidia ya ulemavu wa kudumu hupigwa hivi: mapato ya mwezi mara 96, mara asilimia ya ulemavu. Asilimia hutoka kwenye jedwali la kwanza la sheria yenyewe, kulingana na kiungo na mahali kilipokatwa. Kwa mfano tu, tuseme daktari ameandika 50%.

Mwajiri akijaza kwenye fomu kwamba mshahara ni 8,000 kwa mwezi: 8,000 × 96 × 50% = 384,000.

Kwa 500 kwa siku, siku 26: 13,000 × 96 × 50% = 624,000.

Sasa chakula. Mapato ni pamoja na thamani ya chakula na malazi anayotoa mwajiri. Ukikadiria mlo wa mchana kuwa 100, unaongeza 2,600 kwa mwezi, jumla 15,600. Hiyo ni 748,800. Kutoka 384,000 hadi 748,800 kwa mkono uleule, na tofauti yote imo kwenye kisanduku kimoja cha fomu ambacho mwajiri hukijaza peke yake.

Kwa hiyo: achukue taarifa ya M-Pesa ya miezi yote aliyofanya kazi, iliyotolewa na kampuni ya simu yenyewe (picha ya skrini ni rahisi kupingwa), apige mstari kila malipo yaliyotoka kwa mwajiri au kwa nyapara. Kama nyapara ndiye aliyekuwa akituma, apate watu wawili waliolipwa na nambari hiyohiyo, waandike majina, nambari za kitambulisho na sahihi. Daftari la mahudhurio la shambani lipigwe picha kabla halijapotea, maana madaftari hayo hupotea. Kama alifanya kazi muda mfupi mno kiasi kwamba wastani haupatikani, hutazamwa mapato ya mtu mwingine anayefanya kazi kama yake. Muda wa ziada wa hapa na pale hauhesabiwi, wa kila wiki unahesabiwa.

Kuna malipo mengine ambayo watu husahau kuyadai. Kwa kipindi chote asipoweza kufanya kazi kabisa wakati anatibiwa, anastahili malipo ya vipindi yanayolingana na mapato yake, hadi miezi 12. Hayo ni mbali na hesabu ya 96. Wiki saba alizokaa tayari ni deni.

Fundi_Viungo

Ripoti ya daktari. Sehemu ya pili ya DOSH/WIBA 1 hujazwa na daktari, na nyingi hurudi na maneno "amekatwa mkono wa kulia". Hayatoshi. Iandikwe ulikatwa wapi: kwenye kifundo, kati ya kifundo na kiwiko, kwenye kiwiko au juu yake. Iandikwe kigutu kimebaki na urefu wa sentimita ngapi, kiwiko kinakunjika na kunyooka kiasi gani, na kama ndio mkono anaotumia zaidi. Kiwiko kikikakamaa, kigutu kirefu hakimsaidii kitu, na hilo lazima lionekane kwenye asilimia. Wala tathmini ya mwisho isiharakishwe kabla kidonda hakijapona. Asilimia iliyoandikwa mapema huwa ngumu kuibadilisha.

P3 ya polisi si fomu ya fidia ya kazini. Asipoteze wiki akiitafuta.

Halafu mkono wa bandia. Kifungu cha 47 kinamtwika mwajiri gharama zinazofaa za matibabu, na humo mna kiungo bandia, kukitunza, kukitengeneza na kukibadilisha. Mwajiri aliyelipa bili ya kitanda hudhani amemaliza. Hajamaliza. Omba makadirio ya bei kwa maandishi kutoka karakana ya viungo bandia (APDK, chama cha walemavu wa viungo Kenya, wanazo, na baadhi ya hospitali kubwa), uyaambatanishe na dai. Makadirio yaonyeshe wazi kwamba soketi ya kwanza (kikombe kinachovaliwa kwenye kigutu) itabadilishwa, kwa sababu kigutu hupungua unene katika miezi ya mwanzo, na soketi iliyokuwa sawa mwezi wa nne huanza kucheza baadaye. Kwa sasa afunge bendeji ya kubana kwa mzunguko wa namba nane, ikikaza zaidi nchani na kulegea kuelekea kiwiko, na akunje na kunyoosha kiwiko mara kadhaa kila siku.

Karani_wa_Kitale

Asanteni sana. Mwenye mashine je? Kinga haikuwapo tangu ilipoletwa shambani, vijana wote wanasema hivyo. Na mwajiri akipuuza barua?

Mkaguzi_Mitambo

Mwenye mashine si mwajiri, kwa hiyo kile kizuizi cha kifungu cha 16 hakimlindi. Anaweza kushtakiwa kwa uzembe katika mahakama ya kawaida, na muda ni miaka 3 tangu ajali. Huko sasa kosa ni lazima lithibitishwe, na ushahidi unatoweka haraka kwa sababu mwenye mashine akisikia habari hununua kinga mpya siku ileile.

Pigeni picha leo: namba ya trekta, bamba la mashine ya kupukuchua, shafti yote kutoka trekta hadi mashine, na viungo vya pande zote mbili kwa karibu. Angalieni mambo haya. Je, kuna bomba la plastiki juu ya shafti? Kama lipo, linazunguka pamoja na shafti au linasimama? Linatakiwa kusimama, likizuiwa na minyororo midogo. Minyororo ikikatika, bomba huzunguka na kunasa nguo kama shafti tupu. Je, kuna bolti au msumari uliochomoza, uliowekwa badala ya pini ya shafti? Mara nyingi nguo hushikwa hapo kwanza.

Na mtu asiseme "angeruka". PTO ya kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Shafti yenye kipenyo cha sentimita 8 hukunja zaidi ya mita 2 za nguo kwa sekunde moja. Liandikeni hili kwenye maelezo, mahakimu wengi hawajawahi kuiona shafti ikizunguka.

Pia ombeni kwa barua afisa wa usalama kazini aje kukagua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mitambo zifunikwe, na ripoti ya afisa itawafaa pande zote mbili, kwenye fidia na kwenye kesi ya mwenye mashine.

Mzee_Tanga

Kwetu Tanzania njia ni nyingine, nataja kwa wanaosoma wakiwa huku kwenye mkonge na miwa. Tangu 2015 kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mwajiri anachangia asilimia 0.5 ya mishahara na mfanyakazi hakatwi kitu. Dai linakwenda kwenye Mfuko, na ulemavu ukizidi asilimia 30 unalipwa pensheni ya kila mwezi badala ya mkupuo. Kwa hiyo huku usikubali mwajiri akulipe "kimya kimya" nje ya Mfuko, hata kama kiasi kinavutia. Utakula mara moja.

Wakili_Mstaafu

Mwajiri akipuuza: Mkurugenzi akishakadiria, hutuma DOSH/WIBA 4 yenye kiasi cha kulipa. Mwajiri au bima yake wana siku 90 tangu dai lipelekwe kwao. Upande wowote usioridhika na uamuzi una siku 60 za kuweka pingamizi kwa Mkurugenzi, naye hujibu ndani ya siku 14. Asiyeridhika na jibu hilo ana siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kama pingamizi halikuwekwa na pesa hazikuja, hapo ndipo pa kutafuta wakili, apeleke ombi kwa mahakama hiyohiyo ili uamuzi utekelezwe kama hukumu. Asiye na ada aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, au Kituo cha Sheria.

Barua kwa mwajiri ipelekwe kwa mkono, ikiwa na shahidi, nakala ipelekwe ofisi ya kaunti. Na kesho asubuhi, kabla ya yote hayo, mtoeni huyo kijana kwenye mazungumzo ya simu na mwajiri.

Karani_wa_Kitale

Fomu haikuwahi kupelekwa, nimepiga simu ofisini sasa hivi kuuliza. Tunakwenda Jumatatu na taarifa yetu wenyewe.

Wakili_Mstaafu

Nakala tatu. Na kitambulisho halisi, si fotokopi.