Bei ya usiku ya kuchaji gari la umeme ni shilingi 8 kwa yuniti, mimi mpangaji nalipa 45, na sasa swichi inazimwa saa nne

Jameni, naandika nikiwa ndani ya gari langu la umeme kwenye maegesho ya ploti yetu hapa Imara Daima. Ni saa nne na dakika kumi usiku. Dakika kumi zilizopita keateka ameshuka na ufunguo, akafungua kisanduku cha stima, akazima swichi. Vile vitaa vitatu vya buluu kwenye dashibodi vikazimika vyote. Betri imeishia asilimia 47.

"Mama, si mimi, ni amri," akaniambia. Tangu Jumatatu ndiyo sheria mpya ya mwenye nyumba: soketi ya gari ni mwisho saa nne usiku, eti kwa usalama. Najua keateka ametumwa tu, sina ugomvi naye. Lakini kama hujui kwa nini saa nne imenichoma hivi, subiri nikueleze kuanzia mwanzo, kwa sababu nimebeba hili jambo kifuani miezi kadhaa na leo limenifika shingoni.

Mimi nasambaza sare za shule. Napakia Eastleigh, napeleka Rongai, Kitengela, siku nyingine Ngong. Ni kama kilomita 85 kwa siku, siku 24 kwa mwezi. Nilikuwa na Probox, na petroli ilikuwa inakula kati ya 27,000 na 29,000 kila mwezi. Septemba 2025, petroli Nairobi ikiwa shilingi 184 na senti, nikachukua mkopo wa sacco, nikauza Probox, nikanunua Nissan Leaf ya 2018 iliyotoka Japani, ile ya betri ya kilowati-saa 40. Sikukurupuka. Niliuliza, nikasoma, nikapiga hesabu. Tulikuwa tunaambiwa kila siku kwamba serikali inataka tuhame mafuta, na kweli ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10 tangu mwaka 2019. Nikasema hawa wamemaanisha.

Muuzaji alichukua kalamu akaniandikia nyuma ya kadi yake: 16 x 8 = 128. Yaani yuniti 16 za stima kwa siku (yuniti ni kilowati-saa moja), shilingi 8 kwa yuniti, shilingi 128 kwa siku. Ile kadi ninayo mpaka leo, iko hapa kwenye droo ya gari.

Zile yuniti 16 hakunidanganya. Gari linakula kama 14 kwa safari zangu, na nyingine zinapotelea kwenye kuchaji. Na ile 8 ipo pia, imeandikwa. Kuanzia Aprili 2023 EPRA, mamlaka ya serikali inayopanga bei za stima na mafuta, iliweka bei maalum ya kuchaji magari ya umeme: shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida na shilingi 8 saa ambazo matumizi yako chini, kwa mteja asiyezidi yuniti 15,000 kwa mwezi. Siku za kazi hizo saa za nafuu zinaanza saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

Saa nne usiku! Umeelewa sasa kwa nini niko hapa kwenye gari na machozi? Bei inaposhuka nchini, ndipo kwetu swichi inapozimwa.

Alichoficha muuzaji ni kwamba 8 si bei unayolipa. Juu yake kuna gharama ya mafuta ya mitambo, kuna ya kupanda na kushuka kwa dola, kuna ya mfumuko wa bei, kuna asilimia 5 ya kusambaza stima vijijini, kisha VAT ya asilimia 16. Sawa, weka zote. Bado isingefika 20. Ningekubali 20 nikicheka. Ila alijua naishi flati ya kupanga, nilimwambia kwa kinywa changu, na hakunitajia hata mara moja kwamba mpangaji hiyo bei ataisikia tu.

Mwezi wa kwanza nilichajia mita ya nyumba, waya ukishuka kutoka dirisha la jikoni ghorofa ya kwanza mpaka kwenye gari. Kabla ya hapo nyumba ilikuwa inatumia kama yuniti 70 kwa mwezi, na tokeni ya 1,000 ilinipa karibu yuniti 39. Mwezi wa pili tokeni ile ile ikanipa 34. Nilidhani mita imeharibika. Kumbe bei ya nyumbani inapangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu: ukivuka yuniti 100 unapandishwa daraja, na ukipandishwa, unalipa bei ya juu kwa yuniti zote. Friji, taa ya watoto ya kusomea, pasi, kila kitu. Kwa hiyo gari halikuongeza bili yake tu, liliipandisha bei ya nyumba nzima. Hapo nani alinieleza? Hakuna.

Halafu plagi. Hili nawaomba msome polepole kwa sababu linaweza kuchoma nyumba ya mtu. Waya wa kuchaji uliokuja na gari ni wa Japani, wa volti 200, na unavuta ampea 15. Muuzaji alikata kichwa cha huo waya akafunga plagi yetu ya kawaida ya miguu mitatu, ambayo ni ya ampea 13. Kwa birika la chai hilo halikusumbui, linachemka dakika tatu limezima. Gari linavuta saa tano, sita, kumi mfululizo. Usiku mmoja binti yangu akaniamsha, "Mama, kuna kitu kinanuka kama plastiki." Nilipofika jikoni soketi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, na plagi imelainika kiasi kwamba mguu mmoja ulibaki ndani ya ukuta nilipoivuta. Vigae vya ukuta vilikuwa vya moto, huwezi kuweka kiganja. Fundi wa stima alikuja asubuhi, akaangalia ile plagi akatikisa kichwa, akasema tumshukuru Mungu. Mpigie muuzaji simu sasa. Anakuambia "gari liliondoka hapa likiwa sawa."

Baada ya hapo mwenye nyumba akakataza waya wa dirishani, na kwa hilo sikumlaumu. Akaweka soketi nzito kwenye maegesho yenye mita yake ndogo. Nilifurahi, hata nilimnunulia keateka soda. Kisha karatasi ikabandikwa: shilingi 45 kwa yuniti, pamoja na 3,000 kila mwezi za "kutumia soketi". Mimi nikinunua tokeni nyumbani, na daraja la juu nililopandishwa, yuniti haifiki 30. Sasa hiyo 15 ya juu ni ya nini, na 3,000 ni ya nini, kama matengenezo tayari yako kwenye kodi? Nilimuuliza kwa heshima, "Mzee, nisaidie kuelewa." Akanijibu kwamba mwenye gari la stima ana pesa.

Nina pesa gani? Nina mkopo wa sacco.

Kwa hiyo chukua ile kadi ya muuzaji, 128 kwa siku, uiweke kando ya hali halisi: 16 mara 45 ni 720 kwa siku. Mwezi ni 17,280, ongeza 3,000, ni 20,280. Ndiyo, bado ni chini ya petroli, na nasema hivyo kwa sababu sitaki mtu aje kusema nadanganya. Lakini ile nafuu ya elfu saba au nane haifiki hata nusu ya kile ninacholipa sacco kila mwezi.

Nikaenda ofisi ya stima kuomba mita yangu ya gari, niingie kwenye ile bei maalum. Nilikaa foleni kwa muda wa saa mbili. Dada wa kaunta alikuwa mpole, aliniambia inawezekana kabisa, lakini lazima iwe mita ya peke yake isiyochanganywa na nyumba, na kwa kuwa ploti si yangu nilete barua ya mwenye ploti na nakala ya hati yake. Barua kutoka kwa nani? Kwa mtu yule yule anayeniuzia yuniti kwa 45! Ataniandikia kwa sababu gani?

Na vituo vya nje msiniambie. Nimevijaribu. Gari langu linatumia kichwa cha CHAdeMO kwa chaji ya haraka, na magari mengi mapya yanatumia vichwa vingine. Kituo cha kwanza nilichoenda kilikuwa na waya wangu lakini haufanyi kazi. Cha pili kilifanya kazi, nikalipa zaidi hata ya hapa kwetu, na nikapoteza saa nzima ya wateja.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Nchi hii karibu asilimia 90 ya stima yake haitoki kwenye mafuta. Kule Olkaria, kwenye mitambo ya stima ya mvuke wa ardhini, usiku watu wakilala na mahitaji yakishuka, mitambo inapunguzwa na mvuke unaachiliwa hewani. Stima ya usiku ipo, na ndiyo maana ikawekewa bei ya 8. Mimi nahitaji saa tano tu za usiku huo. Lakini ile bei imemfaa mwenye nyumba yake Karen au Runda, mwenye geti na ukuta wake. Nairobi wengi wetu ni wapangaji. Aliyeandika ile bei alitufikiria wapi?

Sasa hesabu ya wiki hii. Nafika nyumbani saa moja jioni. Swichi inazimwa saa nne. Hizo saa tatu za kuchaji zinaniongezea kama asilimia 25, na safari ya siku moja inakula kama 39. Kesho nitarudi na asilimia 8. Kesho jioni nitafikisha 33. Keshokutwa sitoki, na kuna shule Kitengela imeshalipa nusu ya sare.

Wadau mnaoishi flati za kupanga: kuna yeyote aliyewahi kupata mita ya gari bila barua ya mwenye ploti? Mlipeleka karatasi gani, na mlisimama dirisha gani? Na kama EPRA wanapokea malalamiko ya mpangaji anayeuziwa yuniti kwa 45, niambieni niandike vipi. Picha ya ile plagi na ile karatasi ya ukutani ninazo, nitaziweka hapa chini kesho.