Naomba ushauri: rangi za maji hazikauki kwenye ukungu wa Lushoto

Wakuu, naomba msaada kwa wanaochora nje milimani. Njia ni ile ya miguu kutoka Lushoto hadi Irente, na picha ni ya ukingo wa Usambara na tambarare ya Mazinde kule chini. Asubuhi jua liko mgongoni, mwanga safi, ila ukungu bado upo na tabaka la kwanza la rangi ya anga halikauki hata baada ya nusu saa. Ukiwahi kuweka milima juu yake, maji mapya yanaisukuma rangi iliyolowa na kuacha madoa yenye kingo za koliflawa. Ukisubiri alasiri, jua linakupiga usoni na tambarare yote inageuka kijivu.

Karatasi ni gramu 300 kwa mita ya mraba, imebandikwa ubaoni pande zote nne (ya gramu 200 ilijikunja, msinishauri hiyo). Brashi inakamuliwa kwenye kitambaa kila mara.

Je, nihamie guashi (rangi ya maji nzito, inayofunika kilicho chini yake)? Mrija mmoja wa nyeupe, mililita 15, unatosha siku nzima? Au kuna namna ya kukausha bila kuwasha moto msituni? Begi lisizidi kilo 4.