Ninaomba ushauri: kufundisha Kiingereza Gredi ya 8 kupitia mradi wa matatu

Mwalimu wa Jogoo Road

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninafundisha Kiingereza Gredi ya 8 katika shule ya umma upande wa Eastlands, Nairobi, darasa lenye wanafunzi zaidi ya hamsini, na muhula ujao ninakusudia kuweka kando mazoezi ya kitabuni kwa wiki chache ili tujifunze lugha kupitia mradi mmoja: usafiri wa umma wa jiji letu. Nimechagua matatu, zile basi ndogo za abiria, kwa kuwa hakuna mwanafunzi wangu asiyezijua. Wapo wanaozipanda kila asubuhi, wapo ambao baba zao ni madereva, na hata wale wanaokuja shuleni kwa miguu watakutajia nganya (matatu zilizopambwa) za njia yao kwa majina na kwa michoro iliyo ubavuni. Watoto hao hao ukiwapa insha kuhusu ziara ya mbuga ya wanyama ambayo hawajawahi kuifika, wanakuandikia aya mbili za kukariri.

Nina mashaka yafuatayo. Steji, yaani kituo cha matatu, haizungumzi Kiingereza. Nikimtuma mtoto amhoji kondakta kwa Kiingereza, atajibiwa kwa Kiswahili au Sheng, lugha ya mtaani ya vijana, na huenda akachekwa, kisha nibaki na mradi mzuri wa usafiri usio na somo langu ndani yake. Mwalimu mkuu naye hataki kusikia habari ya watoto kusimama steji. Halafu kuna suala la alama, maana katika kazi ya vikundi mmoja huandika na wenzake wanne wakatia sahihi. Mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu amekwisha kunionya kwamba lugha ya manamba, yaani wapiga debe wa matatu, itawaharibia watoto hata Kiingereza kidogo walicho nacho. Aliyewahi kujaribu jambo kama hili naomba anishauri.

Chaki na Ubao

Mwalimu mwenzangu, mpango wako ni mzuri, na lile shaka la kwanza ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Usimlazimishe mtoto kusema Kiingereza pale steji. Mwache aandike katika daftari maneno ya kondakta kama yalivyotamkwa, kwa Sheng au Kiswahili, pamoja na saa, njia ya gari na nauli iliyotajwa. Kiingereza kianze mkirudi darasani, wakati mtoto anapolazimika kumweleza msomaji ambaye hakuwapo.

Chukua mfano huu. Kondakta anapaza sauti: "Wa Kayole ingia, finje tu, viti viwili vimebaki, gari inaenda!" Mwanafunzi akitaka kuyaripoti maneno hayo kwa Kiingereza, itambidi arudishe nyakati za vitenzi nyuma hatua moja, abadilishe viwakilishi, aieleze nauli kwa shilingi (finje ni shilingi hamsini), na zaidi ya yote achague kitenzi cha kutangulia. Je, kondakta alisema kwamba viti viwili vimebaki, alidai, au aliahidi? Kila mtu wa Nairobi anajua kwamba viti viwili hubaki katika gari lolote, hata lenye abiria watatu. Darasa litabishana, na ubishi huo ndio usemi wa taarifa wenyewe, ambao kitabu huufundisha kwa sentensi za mtu asiyejulikana aliyesema kuwa angekwenda sokoni kesho yake.

Kuhusu mwenzako wa chumba cha walimu, Sheng watoto wanayo tayari. Wanachokosa ni sababu ya kuiacha mlangoni, na msomaji asiyeielewa ni sababu ya kutosha.

Mzazi wa Kayole

Mwalimu, nami nina mtoto wa Gredi ya 8 na ninaomba mambo mawili tu. Usitoze nauli ya mradi, kwa sababu tuko wazazi ambao watoto wetu hutembea si kwa kupenda. Tena mtoto yeyote asipande gari kwa ajili ya kazi ya shule bila mtu mzima. Hayo mawili yakiwa wazi katika fomu ya idhini, nitatia sahihi siku hiyo hiyo.

Mzee wa Sarufi

Nimestaafu baada ya miaka mingi ya kushika chaki, na ninakiri kwamba miradi ya namna hii hunitia wasiwasi. Watoto hukata kadibodi, hubandika picha za magazeti, hupaka rangi, na wiki tatu hupita bila mtu kuandika sentensi moja kamili ya Kiingereza. Mwisho wa Gredi ya 9 kuna mtihani wa KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, na mtihani huo hautauliza ni nani aliyepaka rangi nzuri zaidi. Ukiwa huwezi kutaja, kwa kila wiki, ni kipengele gani cha sarufi kitakachofundishwa na kusahihishwa, basi rudi kitabuni.

Hata hivyo, kwa kuwa umekwisha kuamua, nitakupa kitu kimoja chenye nyama. Tafuta zile kanuni za marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, zilizotangazwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004. Wanafunzi wako hawakuwa wamezaliwa, lakini kila wanachokiona barabarani kina alama zake: ukanda wa manjano ubavuni, mikanda ya usalama kwa kila kiti, vidhibiti mwendo visivyoruhusu gari kuvuka kilomita 80 kwa saa, sare ya buluu kwa dereva na ya maruni kwa kondakta, na abiria 14 katika gari dogo ambalo zamani lilijazwa hadi watu wakaning'inia mlangoni. Kanuni za aina hiyo huandikwa kwa hali ya kutendwa: gari litafungwa kidhibiti, picha ya dereva itabandikwa mahali pa kuonekana. Watoto hudhani hali ya kutendwa ni mazoezi ya kugeuza sentensi juu chini. Hapa wataona kwa nini mwandishi wa sheria anaihitaji: anayetajwa ni gari na wajibu wake, na mfungaji wa kidhibiti hana haja ya kutajwa.

Kisha wapeleke penye lango la shule, wasimame ndani ya ua, wahesabu ni magari mangapi yanayopita bado yana ukanda huo na ni makondakta wangapi wamevaa sare. Ripoti watakayoandika itakuwa na mambo ya kusema.

Katibu wa Sacco

Mimi simo katika ualimu, nimo katika sacco, yaani chama cha ushirika cha wenye matatu, kwa hiyo nitazungumzia upande ninaoujua. Mwalimu mkuu ana haki ya kuogopa steji ya saa moja asubuhi, kwani saa hizo hata sisi hatutaki mtu asiyesafiri asimame mlangoni. Njooni kati ya saa nne na saa sita mchana, wakati magari yanapanga foleni kungoja abiria na kondakta ana muda wa kuegemea bodi na kupiga gumzo. Pitieni kwanza kwa msimamizi wa steji. Mkimruka yeye, hakuna atakayewajibu.

Maswali yawe ya kawaida. Mtoto asimuulize kondakta anapata pesa ngapi kwa siku, maana atadhaniwa ametumwa na mwenye gari. Amuulize badala yake kwa nini nauli hupanda mvua inaponyesha. Watu wengi hudhani ni tamaa tupu, na siwezi kusema tamaa haipo, ila kuna hesabu yake. Mwenye gari anataka kiasi chake cha kila siku bila kujali hali ya hewa. Mvua ikinyesha barabara hufunga, gari lililozoea kwenda mjini na kurudi mara nyingi hufanya safari chache, mafuta huchomeka likiwa limesimama, na kiasi kile cha mwenye gari hakijapungua. Kondakta hutafuta tofauti hiyo kwa abiria waliopo, ambao nao ni wengi kwa kuwa hakuna anayetaka kutembea. Nadhani hapo mwalimu ana somo zima la kueleza chanzo na matokeo.

Na kama safari imeshindikana kabisa, mwite kondakta na dereva waje shuleni. Wengi wao walisoma katika shule hizo hizo, na wapo wanaokisema Kiingereza vizuri kuliko mnavyodhani.

Ramani Mkononi

Nitaongeza jambo dogo kuhusu ramani. Njia za matatu za Nairobi zilikaa miaka mingi bila ramani moja ya kuaminika, hadi mradi wa Digital Matatus ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani. Vijana walipanda magari wakiwa na simu, wakarekodi kila kituo, na mwaka 2014 ikatolewa ramani ya zaidi ya njia 130 iliyochorwa kwa rangi kama ile ya treni za chini ya ardhi za London. Ramani hiyo inapatikana mtandaoni bila malipo, kwa hiyo unaweza kuichapisha na kuwapa watoto.

Waweke wawili wawili. Mmoja anajua njia ya 58 ya Buruburu na mwenzake anajua ya 46 ya Kawangware. Kila mmoja amwelekeze mgeni asiyejua Kiswahili, kwa Kiingereza, namna ya kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Watagundua kwamba karibu kila njia huishia katikati ya jiji, na mgeni huyo itabidi ashuke, avuke barabara mbili tatu kwa miguu na kutafuta steji nyingine. Maelekezo yakikosewa, mgeni anapotea kwenye ramani mbele ya darasa zima, na hakuna haja ya mwalimu kuweka alama ya kosa.

Mwalimu wa Jogoo Road

Nawashukuru sana. Mzee, nimeyapokea maneno yako bila kinyongo, na nimekwisha kupanga: usemi wa taarifa wiki ya kwanza, hali ya kutendwa ya pili, chanzo na matokeo ya tatu. Maelekezo ya ramani yatapita katikati. Mzazi wa Kayole, hakutakuwa na nauli, na hakuna atakayepanda gari. Kinachonisumbua bado ni alama, na pia sijapata kazi ya mwisho ambayo kila mtoto ataifanya peke yake.

Chaki na Ubao

Kazi ya mwisho iwe stika. Usicheke, Mzee. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walijaribu kubandika stika ndani ya matatu za Kenya, zikimhimiza abiria amkemee dereva anayeendesha ovyo. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2011, madai ya bima katika magari yenye stika yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Maneno machache yaliyoandikwa vizuri yaliwapa abiria ujasiri wa kufungua mdomo.

Kila mwanafunzi aandike stika yake kwa Kiingereza, isiyozidi maneno kumi na mawili, pamoja na aya moja ya kueleza kwa nini amechagua maneno hayo na kwa nani. Utoe alama kwa aya. Kikundi kikifanya utafiti pamoja hakuna ubaya, lakini ile aya haiandikiki kwa kamati, na kwa darasa la watoto hamsini unaweza kuzisahihisha jioni mbili.

Mzee wa Sarufi

Sijacheka. Ila maneno kumi na mawili ni mengi kwa stika. Wape manane.

Katibu wa Sacco

Mwalimu, nimezungumza na wenzangu ofisini. Tunaweza kuwapokea wanafunzi katika steji yetu siku ya Jumanne au Jumatano, saa nne, na stika zitakazopita tutazibandika katika magari kadhaa. Tunachohitaji ni barua rasmi ya maombi, inayotaja idadi ya wanafunzi, walimu watakaoandamana nao na muda watakaokaa. Barua zote za ofisi yetu, ziwe za kampuni ya bima au za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo usituandikie wewe. Waandike watoto, mtuletee ile mtakayoichagua, na tutawajibu kwa maandishi. Nitakutumia anwani kwa ujumbe wa faragha.