Mbwa mdogo wa kituoni: nimchukue kabisa, nimlee kwa muda kwanza, au nichukue aliyekwisha kukomaa?

Tausi_wa_Ghorofani

Wadau, naomba mnisaidie kuamua, maana usingizi umenipaa.

Kwenye kituo cha wanyama cha mji wetu kuna mbwa koko, dume, wanamkadiria miezi 5. Rangi ya kahawia, sikio moja limesimama, la pili limelala. Nimeenda kumwona mara mbili. Mara ya kwanza alijibanza kwenye kona ya banda, uso ukutani. Mara ya pili alibweka mpaka sauti ikamkauka, huku akiurukia wavu. Watu waliokuwa mbele yangu walipita bila kusimama.

Njia nilizonazo ni tatu. Kumchukua moja kwa moja. Au kumlea kwa wiki 4 akiwa bado ni wa kituo, ndipo niseme ndiyo au hapana. Au nimwache, nichukue jike wa miaka 4 aliye banda la pili yake, ambaye ni mtulivu, anatembea vizuri na kamba na anajua kujisaidia nje.

Nyumbani tuko mimi, mama yangu ambaye hushinda ndani, mwanangu wa miaka 7, na mbwa wetu mzee wa miaka 11 anayeumwa viungo. Moyo unanivuta kwa yule mdogo, lakini sitaki kumwonea mzee wetu wala mtoto.

Bwana_Kamba

Chukua jike, dada. Mbwa wa miaka 4 unamwona alivyo, tabia yake imekwisha kukaa. Huyo wa miezi 5 meno yanamwota, atatafuna viatu, mikeka na miguu ya meza, na akifika miezi 8 hivi atajifanya hajui hata jina lake. Mbwa wako wa miaka 11 hana nguvu za kurukiwa kutwa nzima. Tena waliokomaa ndio wanaokaa vituoni muda mrefu zaidi, kila anayeingia anaulizia watoto.

Bibi_Mlezi

Nimejitolea kituoni miaka 6, naomba niseme kidogo kwa kirefu.

Kwanza, usimpime kwa ulichokiona bandani. Kelele za mbwa wengine usiku na mchana, harufu ya dawa, sakafu ya saruji, watu wasiowajua wanaosimama na kuwakodolea macho. Kwa mbwa mdogo hayo ni mzigo. Huyo aliyejikunja konani na huyo anayerukia wavu ni yule yule, na chanzo ni kile kile, hofu na kukosa mahali pa kutulia. Nimewaona wenye kelele kuliko wote wakifika nyumbani na kulala siku nzima.

Omba atolewe nje, kwenye uwanja wao, mbali na mabanda. Usimwendee. Kaa chini, mgeuzie ubavu, usimtazame machoni, weka mkono wazi juu ya paja lako na unyamaze. Mpe hata nusu saa. Angalia anavyokuja. Atazunguka kwa nyuma, atanusa kiatu, atarudi nyuma, atarudi tena. Akipiga miayo au kulamba pua wakati hana usingizi wala njaa, anakwambia yuko roho juu, basi usimguse. Akikaza mwili mzima ghafla huku weupe wa jicho ukionekana, ondoa mkono taratibu. Akikuegemea, mkune kifuani, si kichwani, kisha acha uone kama atakuomba tena. Huko kuomba tena ndiko ninakokutafuta mimi siku zote. Anayeogopa lakini anarudi mwenyewe, ana pa kuanzia.

Pili, na hili watu hawaliulizi: aliletwa lini? Mtoto wa mbwa hujifunza dunia kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Anachokizoea wakati huo, watoto, vyombo, magari, hakimtishi sana baadaye. Kama amekuwa mtaani miezi 4 kati ya watu na ameingia bandani juzi tu, huyo unaanza naye mbele. Kama aliletwa akiwa na miezi 2 na tangu hapo hajaona kingine ila ukuta, atajifunza, lakini utahesabu miezi, si wiki.

Mimi ningechagua njia yako ya pili.

Nuru77

Shikamoo bibi. Hapo kwenye kulea kwa muda mimi napingana nawe kwa heshima. Mbwa akae wiki 4, amzoee mtoto, ajue kona yake ya kulala, halafu arudishwe bandani? Nilishuhudia mmoja akirudishwa, aligoma kula siku 2. Kama dada hana uhakika, bora asimguse kabisa.

Bibi_Mlezi

Marahaba, mwanangu. Kurudishwa kunauma, sikatai, na huyo wako nimemsikitikia. Lakini linganisha na anayechukuliwa kabisa kwa pupa kisha akarudi baada ya miezi 6, akiwa mkubwa na ana rekodi ya "alimshinda mwenyewe". Tena mlezi wa muda akirudi na habari, kwamba hulala usiku bila kelele, hunyang'anywa mfupa bila kuuma, huogopa mvua, mtu wa pili anajua anamchukua nani. Wiki zile 4 hazipotei. Na mara nyingi si lazima arudi bandani, hupita kutoka nyumba hadi nyumba.

Msaidizi_wa_Tiba

Nafanya kazi zahanati ya wanyama. Yenu yote nakubaliana nayo, ila kabla ya moyo kuna chanjo.

Dada Tausi, uliza kadi yake. Watoto wa mbwa huanza chanjo wakiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka wapite wiki 16. Aliyeokotwa akiwa amepita umri huo na hajulikani alikotoka, kwa kawaida hupewa dozi 1 au 2. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki 12. Dawa ya minyoo pia, usisahau, koko wachache sana hawana.

Kinachonitia wasiwasi ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Mbwa huweza kukaa siku 3 mpaka 14 tangu aambukizwe kabla hajaanza kutapika na kuharisha damu, kwa hiyo anaweza kutoka kituoni akionekana mzima. Kirusi chake hukaa kwenye udongo miezi mingi na hakifi kwa sabuni ya kawaida wala spiriti. Safisha uchafu wote kwanza, ndipo utumie dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, uiache dakika 10. Hakikisha mzee wako chanjo zake hazijapitwa na wakati kabla mgeni hajaingia.

Na huo umri wa miezi 5 usiuchukue hivi hivi. Mwombe mhudumu amfunue mdomo. Meno ya mbele yakiwa makubwa na ya kudumu, lakini chonge bado nyembamba zenye ncha kama sindano, yuko miezi 4 mpaka 5. Chonge nene zikiwa zimeshachomoza, anaelekea 6 au amepita. Mwenye meno yote 42 hana tena umri wa kuitwa mtoto.

Bwana_Kamba

Hili la meno sikulijua, asante. Bado nasimama na jike, lakini dada akimchukua mdogo, wakutanishwe nje, mahali ambapo mzee hapahesabu kuwa pake. Watembezwe sambamba, hatua kadhaa kati yao, kila mmoja na mtu wake, mpaka waache kutazamana. Ndipo waingie ndani pamoja. Bakuli vyumba tofauti. Na mzee apate mahali ambapo mdogo hafiki.

Tausi_wa_Ghorofani

Nimerudi kituoni leo. Kadi inaonyesha aliletwa wiki 3 zilizopita, aliokotwa nyuma ya soko, na waliompeleka walisema watoto wa pale walikuwa wakimlisha. Bibi, niliposoma hapo pumzi zilinirudi.

Nimekaa uwanjani kama ulivyonielekeza. Alizunguka ukuta mzima. Alinusa kisigino, akakimbia. Aliporudi mara ya 4 aliweka pua ndani ya kiganja changu na kuiacha hapo, ya baridi, imelowa. Nikamkuna kifuani, nikaacha. Akanisukuma mkono kwa paji la uso. Akakaa juu ya mguu wangu na lile sikio lililosimama nalo likalala.

Mhudumu amemfunua mdomo: meno ya mbele makubwa, chonge bado sindano. Chanjo ya pili ni Ijumaa.

Nimesaini kumlea wiki 4. Nuru, maneno yako yameniingia, kwa hiyo nimeandika kwenye fomu kwamba ikishindikana abaki kwangu mpaka nyumba nyingine ipatikane, na wamekubali. Mzee wetu anapelekwa kesho kukaguliwa kadi yake ya chanjo. Jumamosi saa 1 asubuhi tunawakutanisha uwanjani, mimi na kamba moja, mama na nyingine.

Kaka Bwana_Kamba, yule jike bado yupo, banda la 3 kutoka mlangoni. Nilipopita alisimama na kunifuata kwa macho. Nimemwambia mhudumu kuna mtu anayemsemea vizuri, akasema uje wakati wowote kabla ya saa 10 jioni.