Siku tatu Kisumu na watoto bila gari: tuzunguke vipi kama wenyeji?

MamaPacha_Nakuru

Hamjambo wana-Kisumu. Mwezi ujao tunashuka kutoka Nakuru watu wanne, watoto wana miaka 7 na 10. Tunafika Ijumaa mchana, tunarudi Jumapili. Hatuna gari wala hatutafuti hoteli yenye bwawa. Tunataka ziwa lenyewe, samaki na soko. Nisaidieni: boti tupandie wapi na saa ngapi? Samaki tule wapi bila kupewa wa friza? Na watoto wanaweza kuogelea?

Jalupo

Karibuni sana, dada. Kisumu hupangwa kwa upepo. Alfajiri ziwa hutulia. Inapofika saa tano au saa sita nchi kavu imeshapata joto, upepo unageuka na kuvuma kutoka ziwani kuja ufuoni. Ghuba ya Winam, yaani kipande cha ziwa kilicho hapa Kisumu, haina kina kirefu, kwa hiyo mawimbi yake huwa mafupi na ya kufuatana. Boti la mbao linarukaruka, watoto wanalowa na kutapika. Jioni mawingu yakirundikana upande wa milima ya Nandi, mvua ya radi huweza kufika kabla hamjageuza boti. Basi asubuhi ni ya maji, mchana ni wa kivuli, jioni ni ya kukaa ufuoni.

Boti pandieni ufuo wa Dunga, si katikati ya mji. Ni mwendo wa kilomita nne tano hivi, tuktuk moja inawatosha nyote. Fikeni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, wavuvi wa usiku wakiwa wanarudi na akina mama wanapatana bei ya samaki palepale kwenye mchanga. Hilo peke yake linatosha kuamsha watoto mapema.

Kabla ya kukanyaga boti, malizeni mapatano: bei ni ya boti zima au ya kila kichwa, ni kwa muda wa saa ngapi, mafuta yamo au hayamo, na mnakwenda wapi. Ugomvi mwingi wa ufuoni hutokana na hilo la kichwa na boti. Saa moja inatosha kupita kando ya mafunjo, kutazama viboko kwa mbali na kurudi.

Jaketi za kuokoa maisha zidai za watoto, usikubali za watu wazima. Mfungie mtoto vifungo vyote, kisha shika jaketi mabegani ulivute juu. Likipanda hadi masikioni halimfai, majini litamvuka kichwani. Viboko nao, mwambie nahodha asikatize kati yao na maji yenye kina. Kiboko anayeona njia yake imezibwa ndiye hushambulia.

Jambo la mwisho ni gugu maji. Upepo huyasukuma kwa mapande makubwa, na gati lililokuwa wazi jana linaweza kuamkia limefungwa. Yakijizungusha kwenye pangaboi injini inazima. Mkikuta hivyo msilazimishe. Kuna daraja la mbao linaloingia ndani ya mafunjo palepale Dunga, tembeeni huko. Waambie watoto watafute ndege mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano. Huyo makao yake ni mafunjo. Mafunjo yakikatwa, naye anatoweka.

Nyar_Nyalenda

Jalupo amesema vizuri, ila mchana hakuujaza. Mama, mchana nendeni Makumbusho ya Kisumu, barabara ya kutokea Nairobi. Yalifunguliwa 1980, yana boma la Kijaluo lililojengwa kwa mpangilio wake halisi: nyumba ya mke wa kwanza, ya pili, simba (vibanda vya vijana wa kiume) karibu na lango. Kuna nyoka pia, na matangi ya samaki wa ziwa. Watoto wakishaona ngege (tilapia) na kamongo (samaki mwenye mapafu) wakiwa hai, sahani ya jioni wataielewa.

Sasa samaki. Usiulize "mna samaki?" kwa maana kila mtu atasema anaye. Sema uonyeshwe mbichi kabla ya kukaangwa. Jicho liwe limejaa na kung'aa, lisiwe limezama. Fungua matamvua: yawe mekundu, si ya kahawia wala meupe. Bonyeza mgongo, nyama irudi. Ngege wote wakiwa na kimo kimoja kama waliopimwa kwa rula, magamba hayang'ai na nyama ni laini kama pamba, hao wametoka kwenye barafu na wamesafiri mbali kuliko nyinyi. Ngege wa nusu kilo hivi anamtosha mtu mzima mmoja. Watoto wawili wagawane.

Kwa mara ya kwanza agizeni mmoja mkavu na mmoja wa mchuzi. Wa mchuzi huanza kwa kukaangwa, kisha hupikwa kwa nyanya na vitunguu, na mifupa yake huachia kwa urahisi, hivyo ndiye wa watoto. Mbuta (sangara) ana miiba mikubwa michache, naye ni salama kwa mdogo. Ugali, na mboga iwe osuga (mnavu) au apoth (mlenda). Leteni subira: samaki aliyekaangwa akiwasubiri nyinyi si yule niliyemweleza, mbichi huchukua dakika 30 hadi 45.

Jioni moja nendeni Hifadhi ya Impala kando ya ziwa, kisha Hippo Point kutazama jua likizama, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Hifadhi ni ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na hawapokei pesa taslimu, basi simu iwe na chaji na salio.

Muuguzi_Kondele

La kuogelea nijibu mimi: hapana, hata kuchovya miguu ufuoni. Kichocho kinatokana na konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, yaani palepale mtoto anapopenda kucheza. Vimelea hupenya ngozi kwa dakika chache na kujifuta taulo si kinga ya kutegemea. Wakiingia kwa bahati mbaya, wapimwe baada ya wiki sita hadi nane. Mkienda kesho yake mayai hayajaanza kuonekana. Dawa ipo, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito.

Kubwa zaidi ni malaria. Nakuru iko juu na ina baridi, miili ya watoto wako haijaizoea kama ya watoto wa huku. Ongea na daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya safari. Chandarua kila usiku, na kuanzia machweo nguo za mikono mirefu, hasa huko Hippo Point. Homa ikija wiki moja, mbili au hata tatu baada ya kurudi, mtajie daktari neno Kisumu mara tu mnapoingia mlangoni. Wengi hutibiwa mafua kwa sababu hawakusema walikosafiri.

MamaPacha_Nakuru

Asanteni sana, wapendwa. Kuogelea tumefuta. Tunaweza kuingiza Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana? Na samaki wa kubeba hadi Nakuru?

Nyar_Nyalenda

Dunga iwe Jumamosi asubuhi. Kit Mikayi ni kilomita 30 hivi, kwa hiyo ingewezekana Jumamosi alasiri, lakini kwa watoto walioamka saa kumi na moja ningeiacha. Mkiamua kwenda, pandeni matatu ya Bondo. Kisian ndipo inaachana na barabara ya Busia. Mshuke kwenye kibao, mmalizie kwa miguu au boda. Viatu vya soli ya mpira, na msipande mvua ikiwa imenyesha, mawe yanateleza. Kuna watu huja kusali mapangoni, basi watoto wapunguze sauti.

Jumapili asubuhi ni soko la Kibuye, ndiyo siku yake kubwa. Omena (dagaa) nunueni hapo kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia. Chagua iliyo na rangi ya fedha. Ikigeuka njano au nyekundu mafuta yake yameharibika na itakuwa chungu. Sugua kidogo kiganjani: iliyoanikwa chini inaacha mchanga, ya kwenye nyavu haiachi. Aprili hadi Julai kwa kawaida uvuvi wake hufungwa, bei hupanda.

Samaki wa safari awe amekaangwa hadi akauke kabisa, apoe kabisa, ndipo afungwe kwa karatasi ndani ya kikapu. Akifungwa na joto lake, mvuke unamlainisha na kufika Kericho ameanza kunuka. Mbichi bila barafu usijaribu, ni mwendo wa karibu saa nne barabarani.

Jalupo

Na majaketi ya baridi ya watoto yakae juu ya mizigo. Ahero mtatoka jasho, Mau Summit meno yatagongana.